Mabapa Yaliyofutwa Fenchurch Street

Mng'ao wa jua hukatwa nje ya jengo, kabla mwali haujagusa kioo. Pazia, filamu ya dirishani na miwani ya jua hupoza tu madhara yaliyokwisha kuingia. Kanuni hiyo ilivunjwa waziwazi katika jengo la 20 Fenchurch Street, London, maarufu kama Walkie-Talkie, na wa kulaumiwa si jua.

Uso wa kusini wa jengo hilo umebonyea ndani na kuvikwa vioo. Mchoro wa awali wa msanifu wake, Rafael Viñoly, ulikuwa na mabapa ya ulalo ya kukinga jua. Taarifa zinaeleza kwamba yaliondolewa katika kubana gharama. Huo ndio uamuzi usioweza kutetewa. Ukuta wa vioo ulionyooka huirudisha miali sambamba ikiwa bado sambamba: humkera mpita njia, naye huondoka salama. Kioo mbonyeo huikusanya kwenye fokasi. Kuyafuta mabapa na kuliacha umbo lilelile kulibakiza kioo mbonyeo kwenye jengo la takriban mita 160, kikilitazama jua. Wala hapakuwa na la kubahatisha. Mwanzoni mwa Septemba jua la adhuhuri London husimama kiasi cha nyuzi 47 juu ya upeo, kila mwaka. Mchoro mmoja wa miali ungeonyesha fokasi inaangukia wapi.

Iliangukia mtaa wa Eastcheap. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 2013, ujenzi ukiwa haujakamilika, sehemu za gari aina ya Jaguar ziliyeyuka, mwandishi wa habari akakaanga yai kwa miali hiyo, na maegesho yakafungwa. Viñoly alikiri hadharani kuwa makosa yalikuwa mengi. Kinachouma zaidi ni kwamba onyo lilikuwapo: hoteli ya Vdara huko Las Vegas, kazi yake pia, ilikwishawaunguza waogeleaji mwaka 2010.

Mwaka 2014 mabapa yalifungwa, na tatizo likaisha.

Dawa hiyo ilijulikana tangu miaka ya 1930. Jengo la Wizara ya Elimu huko Rio de Janeiro, lililochorwa na wasanifu Lúcio Costa, Oscar Niemeyer na wenzao, Le Corbusier akiwa mshauri, lilipewa mabapa ya kugeuzwa kwa mkono kwenye uso wa kaskazini, upande ambao jua la mchana la Rio huwako sehemu kubwa ya mwaka. Wajenzi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, nao walikata mng'ao kwa vichochoro vyembamba, roshani na mbao za madirisha. Warithi wao wa Dar es Salaam na Nairobi wanasimamisha maghorofa ya vioo vitupu, kisha wapangaji wanashusha mapazia na kuwasha taa mchana.

Karibu na ikweta ziko tofauti za kuzingatia. Nyuso za kaskazini na kusini hukingwa kwa bapa fupi la ulalo au kwa veranda, kwa sababu jua la mchana liko juu. Mashariki na magharibi jua huja chini, likapita chini ya bapa hilo. Huko hufaa mabapa ya wima, miti, au ukuta wenye madirisha machache. Ndani, meza huwekwa ubavu kwa dirisha, skrini isilitazame wala kulipa mgongo, na rangi ya ukuta unaopokea mwanga huwa isiyong'aa.