Shauku ya Sanaa katika Mazungumzo ya Wapiga Panki

Mtu akitaka kuijua thamani ya sanaa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuitazama sanaa yenyewe. Ya pili ni kumsikiliza msanii akieleza habari za kazi yake. Njia ya kwanza ni salama kuliko ya pili, kwa sababu kazi haiwezi kujisifu, lakini ulimi unaweza. Wasanii wengi wakiulizwa nguvu yao hutoka wapi hujibu kwa maneno ya mawinguni: husema habari za ndoto, za kipaji, na za roho iliyowashukia usiku. Msikilizaji huondoka amestaajabu, lakini elimu yake haikuongezeka hata chembe. Insha hii yataka kuchungua mazungumzo ya kundi moja la wanamuziki ambao, wakiulizwa swali lilo hilo, hujibu kwa namna nyingine kabisa. Hao ni wapiga panki na hadikoo wa Marekani na Uingereza.

Panki ni muziki wa gitaa za umeme uliozuka katika miji ya New York na London katikati ya miaka ya 1970. Nyimbo zake ni fupi, mwendo wake ni wa kasi, na sauti yake ni kali. Bendi ya Ramones ya New York ilipotoa sahani yake ndefu ya kwanza mwaka 1976, nyimbo 14 zilikwisha kabla ya nusu saa. Hadikoo ni mtoto wa panki aliyemshinda mzazi wake kwa haraka. Alizaliwa karibu na mwaka 1980 katika California na katika mji wa Washington. Na sahani ya kwanza ya Minor Threat, bendi ya Washington, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa na nyimbo 8 zilizokwisha chini ya dakika 10. Mzee wetu akiusikia muziki huu kwa mara ya kwanza yamkini atautupa kwa methali moja: debe tupu haliachi kuvuma. Mhakiki hana ruhusa ya kukata hukumu upesi namna hiyo. Yampasa kwanza alifunue debe atazame ndani.

Mazungumzo ya wanamuziki hawa yamehifadhiwa katika majarida na vitabu. Jarida la Punk Planet, lililotolewa Chicago toka mwaka 1994 hata 2007, lilijaza kurasa zake kwa mahojiano marefu, na mengi katika hayo yalikusanywa mwaka 2001 katika kitabu kiitwacho We Owe You Nothing. Mwaka uo huo Michael Azerrad alitoa kitabu kikubwa juu ya bendi za Marekani za miaka ya 1981 hata 1991, alichokijenga kwa mazungumzo na wapigaji wenyewe. Katika kurasa za namna hii mwulizaji na mwulizwa huzungumza kama watu wa rika moja. Hapana aliyeketi kitini na mwenziwe mkekani.

Sifa ya kwanza ya mazungumzo haya ni kwamba shauku hutajwa kwa nadra, lakini huonekana kila mahali. Ian MacKaye wa Washington amesimulia mara nyingi jinsi alivyoanza, na masimulizi yake ni habari za karatasi na gundi. Mwaka 1980 yeye na rafiki zake walikuwa vijana wa Teen Idles, bendi iliyodumu kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Fedha za maonyesho yao hawakugawana, bali waliziweka pamoja. Na bendi ilipovunjika walikuta akiba ya kama dola 600. Wangeweza kugawana kila mtu akashika njia yake. Badala yake walikata shauri kuzitumia kutengeneza sahani ya santuri ya bendi iliyokwisha kufa. Hapana kampuni iliyowaomba, wala hapana umati uliokuwa ukiwangoja. Walitoa nakala 1,000, na majalada yake waliyakata kwa mkasi, wakayakunja, wakayatia gundi kwa mikono yao. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Dischord, kampuni ambayo imeishi zaidi ya miaka 40. Hapa twaona tofauti baina ya matamanio na shauku. Matamanio hutaka kusikiwa. Shauku hukaa chini ikakata karatasi.

Mfano wa pili ni Minutemen, bendi ya San Pedro, mji wa bandari katika California. Mike Watt na D. Boon walikuwa marafiki toka utoto, nao walikuwa wana wa watu wa kazi. Watt amesimulia kwamba alipoanza hakujua kuwa gitaa la besi ni ala ya peke yake. Alitia nyuzi nne katika gitaa la kawaida akadhani amefika. Baadaye, walipotaka kunasa nyimbo zao, walikwenda studio usiku wa manane, saa ambazo bei ilikuwa chini, na kanda walizonunua zilikuwa zimekwisha kutumiwa na wengine. Kwa uangalifu huo walitoa mwaka 1984 sahani mbili katika jalada moja, Double Nickels on the Dime, zenye nyimbo zaidi ya 40. Watu wengi huuhesabu uhaba kuwa adui wa sanaa. Hawa waliufanya kuwa mwalimu wa mpango.

Desemba 1985 D. Boon alikufa katika ajali ya gari, naye alikuwa na umri wa miaka 27. Watt alivunjika moyo, akawa hataki tena kupiga. Aliyemrudisha hakuwa tajiri wala mkubwa wa kampuni. Alikuwa kijana mmoja mpenzi wa nyimbo zao, Ed Crawford, aliyesafiri toka Ohio hata California kumsihi ashike gitaa tena. Na bendi mpya, Firehose, ikazaliwa mwaka 1986. Kisa hiki chatufunza jambo ambalo maneno makubwa hayawezi kulifunza: shauku si mali ya mtu mmoja. Huazimwa, na aliyeazima jana huenda akaja leo kumrudishia mwenyewe, siku ambayo mwenyewe hana kitu.

Lakini msomaji asikimbilie kusema kwamba, kwa kuwa Watt alianza bila ya kuijua ala yake, basi ujuzi si kitu. Hili ndilo kosa la wengi wanaosoma mazungumzo haya kwa pupa. Bad Brains, bendi ya vijana wanne weusi wa Washington, ndiyo iliyowaonyesha wengine upeo wa kasi ya hadikoo. Na vijana hao, kabla ya kugeukia panki, walikuwa wakipiga muziki wa jazi uliochanganywa na roki, muziki mgumu unaodai vidole vilivyofundishwa. Kasi yao haikuwa vurugu. Ilikuwa kasi ya fundi anayeujua msumari wake. Watt naye hakubaki katika ujinga wa nyuzi nne, bali alifanya kazi mpaka akawa mmoja wa wapigaji wa besi wanaoheshimiwa. Basi wapiga panki hawasemi kwamba kujua hakufai. Wasemalo ni kwamba mtu asingoje ruhusa ya kuanza. Kutojua si sifa. Ni mahali pa kuondokea, na aliyebaki mahali pa kuondokea hakusafiri.

Sasa yafaa tutazame upande wa pili wa jambo, kwa maana shauku ni moto, na moto hauchagui cha kuunguza. Katika Uingereza alikuwako Marianne Elliott-Said, ambaye baba yake alikuwa Msomali na mama yake Mwingereza. Mwaka 1976, siku aliyotimiza miaka 19, aliiona bendi ya Sex Pistols, kisha akatangaza magazetini kuwa anatafuta wenzake wa kupiga nao. Alijiita Poly Styrene, kwa jina la aina ya plastiki, akaimba habari za dunia iliyojaa bidhaa. Na sahani ndefu ya bendi yake, X-Ray Spex, ilitoka mwaka 1978. Mwaka uliofuata aliiacha bendi, na kwa miaka mingi alisumbuliwa na maradhi ya akili. Alifariki mwaka 2011. Filamu ya mwaka 2021, ambayo binti yake Celeste Bell alikuwa mmoja wa waongozaji wake, yaonyesha bei ya sifa ile. Na binti hafichi kwamba yeye naye, akiwa mtoto, alilipa sehemu yake. Ushuhuda huu ni wa lazima. Mazungumzo mengi ya wanaume wa hadikoo husimulia njaa na kulala sakafuni kama mchezo wa ujana, lakini ni machache yanayouliza nani mwingine alilala na njaa kwa ajili ya shauku ya mtu mmoja.

Kasoro nyingine za mazungumzo haya hazina budi kutajwa. Mwulizaji ni rafiki wa mwulizwa, na swali la rafiki mara nyingi halina ncha. Tena, umaskini husifiwa pasipo kupimwa. MacKaye na wenzake walipoianza Dischord, anwani ya kampuni ilikuwa nyumba ya wazazi wake. Hiyo si aibu, wala yeye hakuificha. Hata hivyo kijana mwenye paa la wazazi juu ya kichwa chake aweza kuzikataa fedha kwa wepesi kuliko kijana ambaye wadogo zake wanamtazamia yeye kwa karo. Mtu akisoma maneno ya hawa wawili bila ya kuitazama nyumba ya kila mmoja, atamwita wa kwanza shujaa na wa pili mwoga, naye atakuwa amewadhulumu wote wawili.

Kisha kuna uchungu wa hukumu. Ukumbi wa 924 Gilman Street, katika mji wa Berkeley, uliweka sheria ya kutozipokea bendi za kampuni kubwa. Green Day, bendi iliyolelewa na ukumbi huo, ilipotia sahihi na kampuni kubwa na kutoa Dookie mwaka 1994, mlango ulifungwa kwa miaka mingi, na mwaka 2015 ndipo ilipopokewa tena kwa onyesho la kuchangia. Watu waliojikusanya kwa sababu hawakutaka kuomba ruhusa ya mtu walikuwa wameanza kutoa ruhusa na kuinyima.

Lakini sheria ile haikuzuka bila ya sababu. Mwaka 1993 Steve Albini, mpiga gitaa na mnasa sauti wa Chicago, aliandika makala iliyopiga hesabu ya bendi ya kubuni iliyotia sahihi na kampuni kubwa: kampuni ilipata faida, na wapigaji walibaki na ujira mdogo na deni. Mwaka uo huo alinasa sahani ya In Utero ya bendi ya Nirvana. Desturi ya kazi yake ilimruhusu kudai fungu katika kila nakala itakayouzwa. Alikataa, akataka alipwe mara moja tu kwa kazi aliyoifanya, kama alipwavyo fundi wa mabomba. Katika miaka ya mwisho ya uhai wake, kabla hajafariki mwaka 2024, Albini alikiri hadharani kwamba maneno mengi ya kuumiza aliyoyasema na kuyaandika ujanani yalikuwa ya kosa, wala hakutaka kujificha nyuma ya sanaa. Kwa maoni yangu hapa ndipo mazungumzo ya wapiga panki yanapofika kilele chake: msanii hajiiti nabii bali fundi, na fundi aweza kuambiwa kuwa ukuta wake umepinda.

Mwanafunzi wa Kenya aweza kuuliza haya yote yanatupasaje sisi. Muziki wenyewe umekwisha kufika kwetu. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, waliojiita Duma, walitoa sahani yao kwa kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, nayo ina kasi na kelele za ukoo huu huu. Lakini hata asiyependa kelele hizo ana faida ya kuchukua. Kila siku twasikia watu wakitangaza shauku zao: mwandishi ambaye hajaandika, mchoraji anayengoja rangi za bei ghali, mwimbaji anayengoja mfadhili. Wahenga walisema kuwa ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mazungumzo ya wapiga panki, pamoja na kasoro zake, ni sherehe ya maneno hayo iliyoandikwa na watu ambao hawakupata kuyasikia.

Hukumu yangu basi ni hii. Debe lile halikuwa tupu. Ndani yake mlikuwa na mkasi, gundi, kanda kuukuu na urafiki. Vile vile mlikuwa na kiburi, na maumivu ya watu ambao hawakuulizwa. Msomaji akisoma maneno ya msanii yeyote, awe wa kale au wa sasa, wa ng'ambo au wa kwao, na aulize maswali matatu: alifanya nini, nani alilipa, na alipokosea alijirudi wapi? Msanii mwenye majibu ya maswali hayo hana haja ya kutuambia kwamba ana shauku.