Katekisimu na wale wasiojua kusoma

Katika kijiji kimoja karibu na Manono tulimpima mama mzee kabla ya Batizo. Tulimwuliza kadiri ya kitabu: Sakramenti ni nini? Akanyamaza. Tukamrudisha angoje Pasaka nyingine. Jioni ile tukapita karibu na moto wake, tukamsikia akiwasimulia wajukuu namna Yezu alivyomwomba maji mwanamke Msamaria pale kisimani. Hakuruka kitu, wala hakukosea mpango wake. Tuliona haya.

Kitabu chenyewe si kibaya. Majibu yake ni mafupi, tena yamewatunza wakristu wengi waliokaa miezi bila padri. Lakini mtungaji alimfikiria mtu anayerudi nyumbani na kitabu, akifungue tena usiku. Asiyesoma anarudi na sauti tu, na sauti ya jibu moja inafanana na ya jibu lingine: ishara, neema, kuwekwa na Yezu Kristu. Yanachanganyika. Habari ya kisima haichanganyiki hivi, kwa maana kila neno lake linaita linalofuata.

Wako wanaosema kwamba asiyesoma hana nguvu ya kukumbuka. Nchi ya Waluba inawakatalia. Watu wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, kibao cha mkononi kilichopambwa kwa shanga na simbi. Walifuata shanga kwa kidole, wakisimulia habari za wafalme na safari zao. Kibao kimoja kilitoa masimulizi mbalimbali, kadiri ya wasikilizaji na sababu ya mkutano. (Si kila Muluba aliyeweza, ilikuwa kazi ya waliofundishwa. Wala hatusemi lukasa iwekwe altareni.) Tunaangalia jambo moja: msimuliaji aliwatazama watu kwanza.

Eklezya nayo inajua jambo hilo. Katekisimu ya Mtaguso wa Trento, ya mwaka 1566, iliandikwa kwa ajili ya mapadri wa parokia. Ile ya 1992 inasema wazi kwamba kuyalinganisha mafundisho na hali ya watu ni kazi ya wenye kufundisha. Sisi tunamsomea mzee wa shamba, mchimbaji wa kasiteriti na kijana wa sekondari ukurasa ule ule, kisha tunawapima kwa swali lile lile.

Kijana ana taabu yake: jibu liko kitabuni, hana haja ya kulishika, anauliza kwa nini. Huyo apewe Injili aisome, nasi tusikasirike akibisha.

Ugumu mkubwa uko kwa mwalimu mwenyewe. Alichaguliwa kwa sababu anajua kusoma, na kitabu mkononi ndicho heshima yake kijijini. Ukimwambia akifunge, aanze na habari ya kisima, halafu aulize yale maji ni maji gani, anadhani unamshusha. Ndugu mapadri, hapo inatupasa kukaa naye siku nyingi, si kumwandikia barua.

Mama yule alibatizwa mwaka uliofuata. Wajukuu wake wawili walikuwa wamekwisha kubatizwa mbele yake. Habari za Yezu walizisikia kwake. Jibu la Sakramenti walilisoma shuleni.