Sauti ikichelewa kwenye traki, pima kwanza

Mwimbaji ameimba vizuri juu ya mdundo, lakini rekodi ikirudishwa, sauti yake imebaki nyuma ya ngoma. Maprodyuza wengi hapo hukimbilia kupunguza baffa. Hiyo ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Baffa ni fungu la sampuli ambazo kompyuta huzikusanya kabla ya kuzishughulikia kwa mkupuo. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, baffa ya 256 hula takribani milisekunde 5.3 wakati wa kuingia na nyingine kama hizo wakati wa kutoka. Ya 1,024 hufika 21 kila upande. Huko ndiko kuchelewa anakokusikia mwimbaji kwenye hedifoni, na kwa hilo kupunguza baffa kunasaidia kweli. Wakati wa kumiksi, ipandishe tena ili prosesa isielemewe.

Mahali sauti inapolala kwenye traki hutegemea jambo jingine. Programu huirudisha nyuma kwa kiasi ambacho draiva ya kadi ya sauti imetaja. Draiva ikitaja pungufu, kila traki itachelewa, hata baffa iwe ndogo namna gani. Basi pima. Unganisha waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi la kuingizia kwenye kadi ileile, zima usikilizaji wa traki unayorekodi ili sauti isijizungushe, cheza mlio mkali wa metronomu na uurekodi upya. Kuza mawimbi mpaka sampuli moja moja zionekane. Tuseme mlio wa pili umechelewa sampuli 96, yaani milisekunde 2: katika programu ya kurekodi ya REAPER, namba hiyo huingizwa kwenye mipangilio ya kurekodi. Kisha rudia kipimo, kwa sababu ukiisahihisha kuelekea upande usio wake, pengo huongezeka maradufu. Ukibadilisha draiva au kiwango cha sampuli, pima upya.

MIDI, yaani ujumbe wa noti unaotoka kwenye kinanda hadi kompyuta, ni ngumu zaidi. Waya wake wa asili, tangu 1983, hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, hivyo noti moja ya baiti tatu huchukua karibu milisekunde 1, na noti zilizobonyezwa kwa pamoja hupanga foleni. Mpigaji hulizoea hilo. Kinachoharibu upigaji ni kuyumba: noti hii ichelewe milisekunde 3, inayofuata 15. Hakuna namba moja ya kurekebisha hali hiyo. Mara nyingine programu huzicheza noti zote zilizofika ndani ya baffa moja mwanzoni mwa baffa inayofuata, na hapo baffa ndogo hupunguza kuyumba. Mara nyingine alama za muda za draiva ya MIDI haziendi na saa ya programu. Programu ya kurekodi ya Cubase kwenye Windows ina chaguo la kutumia alama za muda za mfumo badala yake.

Wengi huficha kuyumba huko kwa kunyoosha noti zote kwenye gridi. Kwa mpiga kinanda wa taarabu anayevuta noti nyuma ya mdundo kwa makusudi, huko ni kumfutia kazi yake. Chunguza kwanza noti ghafi alizopiga: mchelewo wa makusudi hurudi palepale katika kila mzunguko wa kibwagizo, ule wa mashine huhamahama.