Ubuyu wa Midomoni

Kijiko kikitoka baridi kwenye jokofu, fundi wa mafuta ya mdomo hudondosha mgongoni mwake tone moja la mchanganyiko uliokwisha kuyeyuka, husubiri ligande, kisha hulisugua kwa ncha ya kidole. Likimeguka vipande, nta imezidi. Likiteleza lote mara moja, nta imepungua. Analolitafuta ni lile tone linalogoma kidogo, halafu linakubali joto la kidole na kuenea. Fundi ninayemzungumzia hufanya kazi hii jikoni kwake Tabata, Dar es Salaam. Nimemwona akilirudia jaribio hilo kwa mchanganyiko uleule, akiongeza nta chembe kwa chembe, chakula cha mchana kikimsubiri.

Nta yake hutoka Tabora, kwa warina asali wa misitu ya miombo, ikiwa mabonge meusimeusi yanayonuka moshi. Angeweza kununua iliyosafishwa. Hununua chafu kwa sababu ni rahisi, na nashuku pia ni kwa sababu anaipenda kazi ya kuisafisha. Huikatakata, huiyeyusha katika sufuria ya maji kwa moto mdogo, na kuichuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Ikilala hadi asubuhi, nta inakuwa imeelea na kuganda duara zima juu ya maji, uchafu ukiwa umejishika upande wa chini. Huigeuza, huukwangua ule uchafu kwa kisu, kisha huirudisha motoni na kuanza upya, mpaka upande wa chini utoke wa manjano sawa na wa juu. Harufu ya moshi hubaki kwa mbali, naye hataki iishe. Nta iliyopaushwa kiwandani hainuki kitu, na kwake nta isiyonuka nyuki haina kazi.

Kwa gramu 100 huanza na nta gramu 25, siagi ya kakao gramu 25 na mafuta gramu 50. Hupima kwa mzani. Vijiko havifai, kwa sababu nta iliyokunwa hubeba hewa na kijiko cha leo hakilingani na cha jana. Bakuli hukaa juu ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta huingia kwanza kwa kuwa ndiyo ngumu, huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Siagi hufuata, mafuta mwisho, na harufu hutiwa bakuli likiwa limeshaepuliwa. Wakati wote huo ana kitambaa begani cha kufutia mvuke, maana maji yakiingia humo, hata tone, ukungu umepata pa kuanzia.

Kipimo hicho ni cha kuanzia tu; hubadilika kwa joto la anakokaa mteja. Mafuta ya nazi anayoyatumia huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na mchana wa Februari Dar es Salaam ukiyaona yameganda ujue yametoka kwenye friji. Kikopo kitakachoshinda ndani ya mkoba, mkoba ndani ya daladala, kinahitaji nazi kidogo na nta zaidi. Lakini ana wateja Njombe na Makete, ambako baridi ya Juni na Julai hupasua midomo mpaka itoke damu. Midomo haina tezi za mafuta kama ngozi ya mashavu, na ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo hukauka kabla ya sehemu nyingine yoyote ya uso. Ukiwapelekea watu wa huko mafuta ya Dar, yatawakwaruza. Kwa ajili yao yeye hupunguza nta na kuongeza nazi. Kwa macho vikopo vya pande zote mbili ni vilevile. Yeye huvitambua kwa nukta ya kalamu aliyoiweka chini ya kile cha baridi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoanza hulilalamikia bila kujua chanzo chake: mafuta yaliyokuwa laini siku ya kwanza huwa na chengachenga baada ya wiki. Siagi ya kakao, na zaidi ya hiyo siagi ya shea inayotoka kaskazini mwa Uganda, ni mkusanyiko wa mafuta yanayoganda kila moja kwa wakati wake. Ukiiacha ipoe polepole, yale magumu hutangulia na kujifanyia punje. Yeye humimina na kuingiza vikopo kwenye jokofu papo hapo.

Sasa ladha. Kinachoitwa ladha hapa ni harufu. Sukari haiyeyuki katika mafuta. Asali, juisi na arki ya vanila ya keki zina maji au spiriti, na hujitenga hata ukoroge namna gani. Hata ingewezekana, asingetia utamu, kwa sababu mtu akiusikia huramba, na mate yakikauka midomo huzidi kukauka. Nilikuwepo binti mmoja alipomuuliza, “Dada, mbona hayana sukari?” Akamjibu, “Sukari utaikuta kwenye ubuyu wenyewe, mdogo wangu. Haya ni ya kunusa.”

Na mafuta yake ya ubuyu ndiyo yaliyonifanya niandike. Unga wa ubuyu hauyeyuki kwenye mafuta; ukiutia, unapaka mchanga mdomoni. Yeye akaanzia puani: mtu akifungua kifuko cha ubuyu wa Zanzibar, kinachomfikia kwanza ni nini? Iliki na vanila. Uchachu na sukari huja baadaye, ulimini. Basi akatwanga iliki kavu, akapasua vanila ya Kagera, akaviloweka katika mafuta ya alizeti yaliyowekwa vuguvugu, akachuja. Akachanganya na mafuta ya mbegu za ubuyu, ambayo hayanuki ubuyu hata kidogo lakini yanalainisha vizuri. Ikabaki rangi. Ya bitiruti hupenda maji, kwa hiyo haikushika. Mbegu za mzingefuri huachia rangi yake kwenye mafuta bila ubishi, nyekundu ya kuelekea chungwa, na hapo ubuyu ukakamilika bila hata punje ya ubuyu wa kula. Watu wakifungua kikopo hawaulizi ni nini.

Karafuu anaitumia kwa adabu. Mafuta yake, kama yale yanayotoka katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, yana eujenoli, ileile ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza jino. Matone mawili kwa gramu 100 yanatosha. Ukizidisha, mteja atapata ganzi ya mdomo. Mafuta ya mdalasini hayagusi kabisa, yanawasha. Ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda anayaogopa zaidi, kwa kuwa yakikutana na jua huunguza ngozi, na huku jua tunalo. Chungwa tamu halina ubaya huo.

Siku hizi wateja wanamdai ukwaju. Ukwaju ni uchachu, na uchachu wake ni asidi ya tartariki, inayokaa kwenye maji na kuyakataa mafuta. Pua haina cha kushika kama inavyoshika iliki. Ameloweka maganda. Amekaanga mbegu, akapata mafuta yanayonuka mbegu zilizokaangwa. Mara ya mwisho alikuwa amefika kwenye chungwa na tangawizi kidogo, ananusa na kutikisa kichwa, anasema imekaribia achari lakini ukwaju bado. Lebo za ukwaju ameshazichapisha.