Dirisha Ubavuni mwa Pupa

Mvua za Novemba zikishaotesha majani Kyuso, Ukambani, utamkuta Junonia oenone katulia njiani, mabawa kayatanua juani: kipepeo mweusi mwenye doa la buluu kwenye kila bawa la nyuma. Buluu ile haitokani na rangi. Unga unaobaki kidoleni ukimshika ni magamba, na kila gamba limejengwa na seli moja tu. Utando wa chini wa gamba ni mwembamba mno, na unene wake ndio unaoamua mwanga wa rangi gani urudi machoni petu. Mwaka 2020 Rachel Thayer, Frances Allen na Nipam Patel walilithibitisha hilo kwa jamaa wa kipepeo huyu aliyeko Marekani, Junonia coenia: utando uliponenepa, kahawia iligeuka buluu.

Ujenzi wenyewe hufanyika ndani ya pupa, gizani. Kwa miaka mingi watafiti walipasua pupa wa umri mbalimbali, kisha wakakisia yaliyopita kati ya picha moja na nyingine. Mwaka 2021 Anthony McDougal, Mathias Kolle na wenzao wa MIT, Marekani, walishika njia ya upole. Walimchukua pupa wa Vanessa cardui, kipepeo ambaye hata Kenya yupo, wakaondoa kipande kidogo cha ganda juu ya bawa na kuziba kwa kioo chembamba. Hadubini yao iliutawanya mwanga ili usiunguze seli. Pupa akaendelea kukua, nao wakaendelea kutazama.

Waliona seli zikijipanga safu, zikichomoza, zikilala bapa, kisha uso wa juu ukiinuka kuwa matuta sambamba. Mkulima wa Ukambani anayechimba matuta ya fanya juu angeielewa kazi hiyo: mistari hutangulia, matuta hufuata. Hapa mistari ni nyuzi za protini iitwayo aktini, na kutoka tuta hadi tuta ni kama sehemu moja au mbili za elfu ya milimita.

Gamba likikamilika, seli hufa na kuacha ganda kavu la kitini. Kipepeo hana nafasi ya kurekebisha. Anayetaka kujua gamba lilivyojengwa hana budi kuwapo wakati wa ujenzi, bila kumvuruga mjenzi. Kwangu mimi, ustadi mkubwa wa watafiti wale ni kujua wakate kidogo kiasi gani, kisha waache.