Goti la Mchezaji Anayerefuka

Jioni viwanja vya Jangwani hujaa watoto wa mpira, kama ilivyo kituo cha michezo cha JMK Park pale Kidongo Chekundu tangu kifunguliwe mwaka 2015. Wapo wanaoanza kuchechemea wakifikisha miaka 12 hivi. Bonyeza chini kidogo ya pia ya goti, muundi unapoanzia: mtoto anashtuka kwa maumivu, na mara nyingi kidole kinagusa nundu ngumu.

Tatizo hili huitwa Osgood-Schlatter, kwa majina ya madaktari wawili, Mmarekani na Mswisi, walioeleza habari zake mwaka 1903. Mtoto anaporefuka, kano ya goti huwa imeshika sehemu ya mfupa ambayo bado ni gegedu. Kila anapopiga shuti au kuruka, msuli wa mbele ya paja huivuta kano hiyo, na pale iliposhika panavimba.

Wazazi wengi huambiwa wamchue au wamkataze mpira mpaka akue. Kuchua kunakandamiza palepale panapouma. Kupumzika tu kunatuliza, ila paja linazidi kulegea.

Watafiti wa Denmark walifuata njia nyingine kwa watoto 51 wa miaka 10 hadi 14, wakatoa matokeo mwaka 2020. Wiki 4 za kwanza michezo ilipunguzwa, huku mtoto akikaza paja bila kukunja goti. Baadaye yakaja mazoezi mazito zaidi, kama kuchuchumaa mgongo ukiegemea ukuta, na kurudi mchezoni ngazi kwa ngazi: maumivu yakizidi, anashuka ngazi. Baada ya wiki 12, asilimia 80 walisema wamepata nafuu. Hata hivyo, waliokuwa wamerejea kikamilifu kwenye michezo walikuwa asilimia 16 tu. Baada ya mwaka, walifikia asilimia 69. Hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, lakini somo kwa makocha ni zito: nafuu hutangulia, uwanja hufuata baadaye sana.

Ukuta upo kila uchochoro wa Kariakoo, kwa hiyo gharama si kisingizio. Kinachotakiwa ni kocha kukubali kumchezesha mtoto dakika chache, na mzazi kusimamia mazoezi.

Goti likiuma usiku, likijaa lote, au mtoto akiwa na homa, hilo ni jambo jingine. Hasa kwa mwenye selimundu, ambaye mifupa yake hushambuliwa na vijidudu kwa urahisi. Mwenye dalili hizi asisubiri: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.