Mpangaji wa Aro

Thomas Adeoye Lambo alirudi Nigeria baada ya kusomea udaktari Birmingham na magonjwa ya akili London. Mwaka 1954 akakabidhiwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Aro, Abeokuta, mji aliozaliwa. Majengo yalikuwa hayajakamilika. Mwingine angengoja mafundi wamalize kuezeka. Lambo alikwenda kuzungumza na watu wa vijiji vilivyoizunguka hospitali, ili wagonjwa wakae kwao.

Uongozi wake unapendeza kuutazama kwa sababu alijua lipi litangulie na lipi lifuate. Ukitaka mtu ampokee mwenye wazimu nyumbani kwake, huanzi na amri. Alianza na ridhaa: wenye nyumba wakubali kuwapangisha wagonjwa vyumba, kwa kodi. Hospitali ikawakopesha fedha za kuongeza vyumba. Yakaja maji ya bomba, vyoo vya shimo, na kikosi cha kuangamiza mbu. Maji hayo yalichotwa na kijiji kizima, wazima kwa wagonjwa, na mgonjwa akawa mpangaji ambaye ujio wake una faida kwa jirani.

Kisha sharti, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi: kila mgonjwa aje na ndugu yake, angalau mmoja, awe mama, dada, kaka au shangazi. Ndugu huyo ndiye atakayempikia, atakayemfulia, atakayemsindikiza hospitalini asubuhi na kumrudisha mchana. Hospitalini kulikuwa na dawa, na kwa wengine tiba ya umeme, kama kwingineko duniani wakati ule. Muuguzi wa zamu alikuwepo kijijini, na jioni palikuwa na ngoma, ibada, hata sinema. Lakini saa nyingi za siku zilikuwa mikononi mwa ndugu. Mama anayesonga ugali wa amala hahitaji cheti cha daktari kujua kama mwanawe ameanza kula, anaiona sahani. Anakumbuka kijana huyu alikuwaje kabla hajaugua, jambo ambalo hakuna faili linaloweza kulieleza. Na siku ya kurudi kwao, anarudi na mtu aliyemuuguza mwenyewe.

Lambo aliwaajiri pia waganga wa jadi wa Kiyoruba. Walisimamia shughuli za pamoja za wagonjwa, na waliwasaidia madaktari kuelewa mgonjwa mwenyewe anaamini kilichompata ni nini. Daktari mwenye shahada za Uingereza kuketi na mganga na kumsikiliza, tena Nigeria ikiwa bado chini ya Mwingereza, kulihitaji moyo.

Wala hakuridhika na kuona kwa macho tu. Akishirikiana na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, alichunguza hali ya akili ya Wayoruba vijijini na mjini, na matokeo yakachapishwa kitabu mwaka 1963. Miaka miwili kabla alikuwa amewakusanya Abeokuta madaktari wa akili kutoka sehemu nyingi za Afrika, mkutano wa kwanza wa aina yake barani.

Vyeo vikaja: makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Ibadan mwaka 1968, kisha Shirika la Afya Duniani, Geneva, ambako alikuwa naibu mkurugenzi mkuu kuanzia 1973 hadi 1988. Katika miaka hiyo, mwaka 1978, Azimio la Alma-Ata kuhusu afya ya msingi liliwataja waganga wa jadi miongoni mwa watumishi wake, pale wanapohitajika. Huko Aro waganga hao walikuwa kazini tangu miaka ya 1950.